SOMO LA HESABU: NANI MKUBWA ULAYA?



Siku za Jumanne na Jumatano, saa 4 au saa 5 usiku, watu hujaa kwenye mabanda ya kuonyesha mpira mpaka wengine wakakaa chini. Mechi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya zinaonyeshwa. Filimbi ya mwisho ikilia, mechi nyingine huanza hapo hapo mlangoni, nayo ni mechi ya maneno. Huyu anasema Real Madrid ni baba lao. Yule anasema hapana, siku hizi ni PSG. Wa tatu amevaa jezi ya Arsenal, naye anauliza kwa uchungu: "Tuliwafunga Madrid nje ndani, sasa mbona wao wamewekwa juu yetu?"

Wengi wetu tumepata kusikia ubishi wa namna hii, na wengine tumeshiriki. Ubishi hauishi, na sababu yake ni nyepesi. Wabishani wanapima mzigo mmoja kwa vipimo mbalimbali. Mmoja anapima kwa kilo, wa pili kwa debe, wa tatu anakadiria kwa macho. Watafikaje mahali pamoja? Katika somo hili tutavichukua vipimo hivyo kimoja kimoja. Tayarisheni kalamu na karatasi, maana hesabu za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya zitahitajika. Ni hesabu zile zile tulizojifunza katika kisomo.

KIPIMO CHA KWANZA: KUHESABU VIKOMBE

Hiki ndicho kipimo cha wazee, nacho ni rahisi kuliko vyote. Unahesabu tu: klabu hii imechukua Kombe la Ulaya mara ngapi?

Kombe hilo lilianza msimu wa 1955/56. Linasimamiwa na UEFA, yaani Shirikisho la Vyama vya Mpira wa Miguu vya Ulaya. UEFA iliundwa mwaka 1954, na makao yake makuu yako Nyon katika nchi ya Uswisi. Real Madrid ya Hispania ililichukua kombe hilo mara 5 za kwanza mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Ikalichukua tena 1966. Halafu ikakaa miaka mingapi bila kulipata? Ilipata tena mwaka 1998. Fanya hesabu ya kutoa: 1998 toa 1966, unapata 32. Miaka 32! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Baada ya hapo Real Madrid ikaamka, na hadi mwaka 2024 ilikuwa imefikisha vikombe 15. Inayofuata ni AC Milan ya Italia yenye 7, halafu Liverpool na Bayern Munich zenye 6 kila moja. Barcelona ina 5 na Ajax ya Uholanzi ina 4.

Kwa kipimo hiki basi, hakuna ubishi. Lakini kina upungufu mmoja mkubwa: hakisahau. Nottingham Forest ya England ina vikombe 2, vya mwaka 1979 na 1980. Manchester City ina 1, cha mwaka 2023. PSG ya Ufaransa ilipata cha kwanza mwaka 2025, ilipoifunga Inter Milan mabao 5 kwa 0 mjini Munich. Je, tuseme Forest ya leo ni kubwa kuliko Manchester City na PSG? Mzee mmoja anaweza kujibu "Ndiyo" bila kupepesa macho, na hatuwezi kumkatalia, maana yeye anapima historia. Ila anayeuliza nani ni hodari sasa hivi hajajibiwa.

(Tufafanue kidogo. Watu wengi husema "Uingereza" wakiwa na maana ya England. Katika mpira, England ina chama chake na Scotland ina chake. Ndiyo maana hapa tunasema England, ili tusichanganye.)

KIPIMO CHA PILI: DAFTARI LA MIAKA 5

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. UEFA wenyewe hawapangi vilabu kwa kuhesabu vikombe. Wana orodha yao ya pointi, nayo ndiyo inayotumika kazini. Tuiite daftari la UEFA.

Daftari hilo linafanya kazi hivi. Klabu ikishinda mechi katika mashindano ya Ulaya inapata pointi 2. Ikitoka sare inapata 1. Ikifungwa haipati kitu. Juu ya hapo kuna pointi za nyongeza, kwa mfano kwa kuingia Ligi ya Mabingwa, kwa nafasi iliyomaliza kwenye msimamo, na kwa kuvuka hatua za mtoano. Pointi za misimu 5 ya mwisho zinajumlishwa. Msimu mpya ukiisha unaongezwa, na ule wa zamani kuliko yote unafutwa. Ni kama mtu mwenye ghala la kuweka magunia ya mavuno matano tu. Akileta mavuno mapya, lazima atoe ya zamani.

Yako mambo mawili ambayo wabishani wengi hawayajui. La kwanza ni kwamba mechi za nyumbani, yaani za ligi ya nchi yenyewe, hazimo kabisa katika daftari hilo. Klabu inaweza kuwa bingwa wa nchi yake kwa kishindo, daftari la Ulaya lisijue habari zake. Mfano: Napoli ilikuwa bingwa wa Italia mwaka 2025. Lakini droo ya Ligi ya Mabingwa ilipopangwa mwaka huo huo, Napoli iliwekwa kwenye chungu cha tatu.

La pili linahusu penalti. Mechi ikiamuliwa kwa mikwaju ya penalti, daftari linaandika matokeo ya kabla ya penalti. Tuchukue mfano wa kweli wa Machi 2025. Liverpool iliifunga PSG bao 1 kwa 0 kule Paris. Mechi ya marudiano PSG iliifunga Liverpool bao 1 kwa 0 Anfield, pamoja na dakika 30 za nyongeza. Zikaja penalti, PSG ikashinda 4 kwa 1 na kusonga mbele. Katika daftari, Liverpool ilipata pointi 2 za ushindi wa Paris na PSG ilipata pointi 2 za ushindi wa Anfield. Penalti zenyewe hazikuandikwa kama ushindi. Ila kwa kuwa PSG ndiyo iliyovuka, ikapata na nyongeza ya kuvuka.

Haya, sasa tumjibu yule ndugu mwenye jezi ya Arsenal. Maneno yake ni kweli. Aprili 2025 Arsenal iliifunga Real Madrid mabao 3 kwa 0 London, na ikaifunga tena 2 kwa 1 huko huko Madrid. Jumla 5 kwa 1. Lakini msimu uliofuata ulipoanza, Real Madrid ilikuwa ya kwanza katika daftari, na Arsenal haikuwa hata katika vilabu 9 vya chungu cha kwanza. Iliwekwa cha pili. Kwa nini?

Angalia ile misimu 5 iliyohesabiwa: 2020/21, 2021/22, 2022/23, 2023/24 na 2024/25. Msimu wa 2020/21 Arsenal ilimaliza ya 8 katika ligi ya England. Kwa hiyo msimu wa 2021/22 haikucheza Ulaya kabisa, hata kikombe kidogo. Ikaandikiwa 0. Msimu ule ule Real Madrid ilikuwa inachukua Kombe la Ulaya. Ndugu yetu anakumbuka mechi mbili za Aprili, na daftari linakumbuka miaka mitano. Wote wawili wanasema kweli, ila hawazungumzi jambo moja.

PUNDA ANAYEBEBWA NA WENZAKE

Hapa kuna kifungu ambacho hata sisi tulipokisoma mara ya kwanza tulirudia. Mbali na daftari la vilabu, UEFA ina daftari la nchi. Pointi za vilabu vyote vya nchi moja katika msimu zinajumlishwa, halafu zinagawanywa kwa idadi ya vilabu vya nchi hiyo vilivyoingia mashindano ya Ulaya. Mechi za awali za kutafuta nafasi zinahesabiwa nusu.

Tufanye hesabu ya kubuni. Nchi A ina vilabu 7, na pointi zao kwa jumla ni 140. Nchi B ina vilabu 4, na pointi zao ni 88. Nani yuko juu? Kwa haraka utasema A, maana 140 ni kubwa kuliko 88. Lakini gawanya kwanza. 140 gawa kwa 7 ni 20. Na 88 gawa kwa 4 ni 22. Nchi B ndiyo iliyo juu. Klabu moja dhaifu ikiingia na kufungwa kila siku, inawavuta wenzake chini. Ni kama familia inayokula sahani moja: hesabu inafanywa kwa vichwa.

Daftari la nchi lina kazi kubwa. Kwanza, ndilo linaloamua nchi ipeleke vilabu vingapi. Nchi 4 za juu zinapeleka vilabu 4 kila moja moja kwa moja katika Ligi ya Mabingwa. Nchi za chini hupeleka bingwa wake peke yake, naye aanzie raundi za awali mwezi wa Julai, wakati wakubwa bado wako mapumzikoni. Pili, tangu msimu wa 2024/25 kuna nafasi 2 za ziada. Zinapewa nchi 2 zilizofanya vizuri kuliko zote katika msimu uliopita.

Sasa tazama jambo la kuchekesha lililotokea mwaka 2025. Newcastle ya England ilimaliza ya 5 katika ligi yao. Msimu ule wa 2024/25 yenyewe haikucheza Ulaya hata mechi moja. Lakini Arsenal ilipoipiga Real Madrid yale mabao 3, pointi zile ziliihakikishia England mojawapo ya nafasi 2 za ziada. Nafasi hiyo ikawaangukia Newcastle. Kwa hiyo mshabiki wa Newcastle alikuwa na sababu nzuri ya kuruka juu Arsenal ilipofunga. Wenzake walilima, yeye akavuna.

Na hayakuishia hapo. Klabu yenye pointi chache sana za kwake hupewa moja ya tano ya pointi za nchi yake, kama hizo ni nyingi kuliko zake. England wakati ule ilikuwa na pointi 115 na ushei kwa miaka 5. Gawa kwa 5, unapata 23 na ushei. Hizo ndizo Newcastle ilizoingia nazo kwenye droo, ikawekwa chungu cha nne.

England mwaka huo iliingiza vilabu 6 katika Ligi ya Mabingwa. Klabu ya 6 ilikuwa Tottenham, na hapa ndipo ubishi ulipochemka kabisa. Tottenham ilimaliza ya 17 katika ligi ya England yenye timu 20. Nafasi moja chini zaidi, ingeshuka daraja! Lakini mwezi wa Mei 2025 iliifunga Manchester United bao 1 kwa 0 mjini Bilbao, ikachukua Ligi ya Europa, ambalo ni kombe la pili kwa ukubwa. Mshindi wa kombe hilo huingia Ligi ya Mabingwa. Watu wakauliza, eti wa 17 anaitwaje katika ligi ya mabingwa? Jibu ni kwamba aliingilia mlango wa pili, na mlango huo upo kwa sheria. Kwa maoni yetu huo ni mlango wa haki kuliko ule wa Newcastle, maana Tottenham iliufungua kwa miguu yake yenyewe.

KWA NINI WATU WAGOMBANE KWA AJILI YA ORODHA?

Mtu anaweza kuuliza, orodha ina maana gani, si mpira uchezwe tu? Maana ni fedha na nafasi.

Kuanzia msimu wa 2018/19 hadi 2020/21, katika kila euro 100 za fungu la vilabu 32 vya Ligi ya Mabingwa, euro 30 ziligawanywa kwa kufuata orodha ya pointi za miaka 10. Ugawaji wenyewe ulikuwa hivi: klabu ya mwisho katika orodha ilipata kipande 1, ya juu yake vipande 2, ya juu yake 3, hivyo hivyo mpaka ya kwanza iliyopata vipande 32. Kipande kimoja kilikuwa karibu euro milioni 1.1. Zidisha mwenyewe: 1.1 mara 32 ni 35.2. Yaani kabla mpira haujapigwa hata teke moja, klabu ya kwanza ilikuwa na zaidi ya euro milioni 35, na ya mwisho ilikuwa na milioni 1 na kidogo. Fedha hizo zinanunua wachezaji. Wachezaji wanaleta ushindi. Ushindi unaleta pointi. Pointi zinaleta fedha tena. Mwenye ng'ombe anaongezewa ng'ombe. Tangu 2024 mgawo umebadilishwa sura, lakini pointi za miaka iliyopita bado zina sehemu yake.

Sasa sikilizeni mahali ubishi wa mashabiki ulipogusa mambo makubwa. Tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vikubwa, yaani 6 vya England, 3 vya Hispania na 3 vya Italia, vilitangaza kuanzisha ligi yao peke yao. Waanzilishi wasingeshuka hata wakifanya vibaya. Mashabiki wa England waliingia barabarani na mabango, wakiwemo mashabiki wa vilabu vile vile vilivyotangaza. Katika muda wa siku 2 tu vilabu vyote 6 vya England vilikuwa vimejitoa.

Lakini siku iliyofuata tangazo lile, yaani tarehe 19 Aprili, UEFA nayo ilipitisha mpango wake wa kuanzia 2024. Ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja: nafasi 2 zitolewe kwa vilabu vilivyoshindwa kupata nafasi katika ligi za kwao, lakini vyenye pointi nyingi katika daftari la miaka 5. Fikirini maana yake. Klabu kubwa inamaliza vibaya nyumbani, klabu ndogo inaipita kwa jasho halali, halafu kubwa inachukuliwa kwa sababu ya jina lake la miaka iliyopita. Vyama vya mashabiki vilikataa. Ubishi ukaendelea mwaka mzima. Mwezi wa Mei 2022 kifungu hicho kikaondolewa, na mahali pake pakawekwa zile nafasi 2 za nchi tulizozieleza. Kwa hiyo hata kama Newcastle ilibebwa, angalau ilibebwa na kazi ya msimu mmoja uliotoka kupita, na yenyewe ilikuwa ya 5 kwao. Haikubebwa na picha za ukutani.

Daftari la miaka 5 hukata pande zote mbili. Kati ya 1977 na 1984, katika fainali 8 za Kombe la Ulaya, vilabu vya England vilishinda 7. Halafu tarehe 29 Mei 1985, mjini Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus kuanza, mashabiki walishambuliana, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa. Wengi wao walikuwa Waitalia. Vilabu vya England vikafungiwa kucheza Ulaya kwa miaka 5, na Liverpool ikaongezewa mwaka mmoja. Waliporudi mwaka 1990, ghala lilikuwa tupu. Nchi iliyokuwa mfalme ilipewa nafasi moja tu katika Kombe la UEFA, ikaenda Aston Villa, na Manchester United ikaingia Kombe la Washindi. Wakaanza upya kama wageni. Manchester United ikashinda kombe hilo mwaka 1991 kwa kuifunga Barcelona 2 kwa 1.

KIPIMO CHA TATU: NANI ANAMFUNGA NANI

Daftari la UEFA lina kasoro moja inayowaudhi wataalamu wa hesabu. Ukimfunga mnyonge au ukimfunga bingwa katika hatua ile ile, ushindi ni pointi 2 tu. Je, ni sawa?

Mtu mmoja alikwisha kulijibu swali hilo, naye hakuwa mtu wa mpira. Aliitwa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, profesa wa fizikia huko Marekani. Alitengeneza hesabu ya kupanga wachezaji wa sataranji. Katika hesabu yake, ukimshinda aliye juu yako sana unapanda sana. Ukimshinda aliye chini unapanda kidogo tu. Ukifungwa na mnyonge unaporomoka. Na pointi unazozipata wewe ndizo anazozipoteza mwenzako. Shirikisho la Sataranji la Dunia lilianza kuitumia mwaka 1970. FIFA nayo ilianza kupanga timu za taifa kwa hesabu ya namna hiyo mwaka 2018. UEFA haijaitumia kwa vilabu vyake.

Hata hivyo, hakuna orodha inayojua matokeo ya kesho. Msimu wa 2024/25 Liverpool ilikuwa ya kwanza kati ya timu 36, ikiwa imeshinda mechi 7 kati ya 8. PSG ilikuwa ya 15. Mmeona hapo juu yaliyotokea walipokutana, na mwisho wa yote PSG ndiyo iliyobeba kombe. Vijana wanaoweka fedha zao katika mikeka ya kubahatisha kwa kutazama nani yuko juu ya orodha, hesabu hii nao wailinganishe na mifuko yao.

Tena hata chungu cha kwanza si pepo. Katika mpango wa sasa, kila timu inacheza mechi 8, na inapangiwa wapinzani 2 kutoka kila chungu, pamoja na chungu chake mwenyewe. Mkubwa lazima akutane na wakubwa wenzake wawili. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 2016 Leicester, iliyokuwa bingwa wa England kwa mara ya kwanza, iliwekwa chungu cha kwanza, ingawa haikuwahi kucheza Ligi ya Mabingwa. Sheria ya wakati ule iliwapa heshima hiyo mabingwa wa nchi kubwa. Wengi walinung'unika. Leicester ikafika robo fainali.

Mfano wa mwisho wa Ulaya. Mwaka 2025 FIFA ilifanya Kombe la Dunia la Vilabu huko Marekani, timu 32. Ulaya ilipewa nafasi 12. Mabingwa wa Ulaya wa 2021 hadi 2024 waliingia moja kwa moja, na nafasi zilizobaki zikajazwa kwa orodha. Lakini kulikuwa na sharti: nchi moja kwa kawaida isizidi vilabu 2. Chelsea na Manchester City zilikwisha kujaza za England. Liverpool, bingwa wa England wa mwaka huo, ikabaki nyumbani. Barcelona, bingwa wa Hispania, ikabaki. Salzburg ya Austria, iliyokuwa chini ya Liverpool katika orodha, ikapanda ndege. Je, ni uonevu? Mashabiki wa Liverpool waliona hivyo. Wa Austria waliona kwamba bila sharti hilo karamu ingekuwa ya nchi tatu nne tu. Sisi tunaelekea upande wa Austria.

NA SISI HUKU?

CAF, yaani Shirikisho la Afrika, nayo ina daftari la miaka 5, lakini si kama la Ulaya. Ulaya miaka yote 5 ina uzito sawa. CAF inazidisha: mwaka wa karibuni mara 5, uliotangulia mara 4, kisha mara 3, mara 2, na wa zamani mara 1. Nchi 12 za juu zinapeleka vilabu 4. Tanzania imo humo.

Hapa ndipo kuna ubishi wa nyumbani. Yanga ilikuwa bingwa wa Tanzania misimu 4 mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Mbona baada ya msimu huo Simba ilikuwa juu yake katika orodha ya CAF? Tupige hesabu. Katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kufika robo fainali ni pointi 3, na kumaliza wa tatu katika kundi ni pointi 2. Katika Kombe la Shirikisho, kufungwa fainali ni pointi 4, na robo fainali ni 2.

Simba ilifika fainali ya Shirikisho 2024/25: 4 mara 5 ni 20. Ilifika robo fainali ya Mabingwa 2023/24: 3 mara 4 ni 12. Tena robo fainali 2022/23: 3 mara 3 ni 9. Robo fainali ya Shirikisho 2021/22: 2 mara 2 ni 4. Robo fainali ya Mabingwa 2020/21: 3 mara 1 ni 3. Jumlisha 20, 12, 9, 4 na 3. Unapata 48.

ZOEZI

Sasa fanya ya Yanga mwenyewe, au katika kikundi chenu. Msimu wa 2024/25 ilimaliza ya tatu katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2023/24 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2022/23 ilifika fainali ya Shirikisho, ikatolewa na USM Alger ya Algeria. Misimu 2 ya nyuma yake haikupata pointi.

Ukimaliza, ifanye tena kwa mtindo wa Ulaya, yaani bila kuzidisha, jumlisha pointi tu za miaka yote 5 kwa Simba na kwa Yanga. Andika tofauti ya vilabu hivyo kwa kila mtindo.

Majibu: Kwa mtindo wa CAF Yanga ina 34, na tofauti ni 14. Kwa mtindo wa kujumlisha tu, Simba ina 15 na Yanga ina 9, tofauti ni 6. Aliyepata Yanga 22 badala ya 34 amesahau mojawapo ya zile 12 mbili.